Maikrokodi: Maandishi Yaliyojificha Ndani ya Prosesa

Mwezi Julai 1951 Chuo Kikuu cha Manchester kilizindua kompyuta yake mpya, na wataalamu wachache wa fani hiyo changa walialikwa kwenye mkutano wa uzinduzi kusoma makala zao. Mmoja wao alikuwa Maurice Wilkes, mkurugenzi wa Maabara ya Hisabati ya Cambridge. Miaka miwili kabla, Mei 1949, timu yake ilikuwa imeiwasha EDSAC, mashine yenye valvu takriban 3,000 iliyofuata programu iliyohifadhiwa katika kumbukumbu yake yenyewe. Wilkes hakwenda Manchester kuuliza kama kompyuta inawezekana. Alikwenda kueleza njia bora ya kuijenga, na makala yake ilikuwa na wazo ambalo leo linafanya kazi ndani ya kila kompyuta ya mezani na kila seva inayotumia prosesa ya Intel au AMD.

Cambridge, 1949–1958

Kuna sehemu ya EDSAC ambayo haikumridhisha Wilkes. Saketi za kujumlisha zilikuwa na mpango unaoeleweka, umbo lilelile likirudiwa kwa kila tarakimu. Kumbukumbu nayo hivyohivyo. Saketi za udhibiti, zile zinazoamua kwamba sasa namba hii ihamie hapa na sasa njia ile ifunguke, hazikuwa na mpango wowote. Zilitungwa mojamoja kadiri haja ilivyojitokeza. Ukitaka kuongeza amri mpya, unafumua nyaya. Ukikosea, kosa limo ndani ya nyaya.

Mwaka 1950 alitembelea Marekani, akaiona Whirlwind iliyokuwa ikijengwa MIT. Hatua za udhibiti za mashine hiyo zilipangwa katika matriki ya dayodi, mistari na nguzo, kwa utaratibu unaosomeka kwa macho. Wilkes akalisogeza jambo hilo mbele. Ikiwa kila mstari wa matriki unataja hatua moja, na ikiwa mstari unaweza pia kuchagua ni mstari gani ufuate kulingana na matokeo ya hesabu, basi matriki hiyo yenyewe ni programu. Amri ambayo mwandishi wa programu anaiona kuwa kitu kimoja, kwa mfano kuzidisha, ndani inatekelezwa na mfululizo wa hatua ndogo zilizoandikwa. Mfululizo huo aliuita maikroprogramu. Siku hizi tunasema maikrokodi.

Hapo udhibiti wa mashine uliacha kuwa suala la nyaya peke yake, ukawa suala la uandishi. Yaliyofuata kwa miaka zaidi ya 70 yanatokana na badiliko hilo. Maandishi hubeba makosa, na makosa ya maandishi husahihishika, mradi kuwe na mtu anayeweza kuyafikia.

EDSAC 2, iliyoanza kutumika mwaka 1958, ilidhibitiwa kwa njia hiyo kikamilifu. Ilithibitisha wazo. Soko lilikuwa bado halijawa tayari, kwa sababu kumbukumbu ya kuhifadhia maikroprogramu ilihitaji kuwa na kasi kubwa kuliko kumbukumbu za kawaida, na kasi hiyo ilikuwa ghali.

1964–1971: IBM na diski ya plastiki

Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza System/360, kompyuta za ukubwa na bei tofauti zilizoelewa amri zilezile. Mteja aliyeandika programu zake kwenye Model 30 angeweza kuhamia Model 65 bila kuandika upya hata mstari mmoja. Ndani, mashine hizo hazikufanana. Model 30 ilishughulikia baiti moja kwa wakati, huku kubwa zaidi zikimeza baiti nyingi kwa mpigo. Kilichoziwezesha nyingi kati ya hizo kuelewa lugha moja ni maikrokodi: kila moja ya hizo ilikuwa na maandishi yake ya ndani yaliyotafsiri amri za familia nzima kuwa hatua ambazo maunzi yake yaliziweza. Kwa njia hiyohiyo Model 30 iliweza kuendesha programu za IBM 1401, mashine ya zamani iliyokuwa imeenea maofisini, na jambo hilo lilisaidia sana kuwashawishi wateja wahamie.

Maandishi hayo yalihifadhiwa kwa namna za ajabu. Ya Model 40, iliyosanifiwa Hursley nchini Uingereza, yalikuwa katika transfoma ndogondogo. Ya Model 30 yalikuwa kwenye kadi za plastiki zenye ukubwa wa kadi za kutoboa za siku zile. IBM ilipogundua kosa, fundi alifika kwa mteja na kadi mpya iliyotobolewa, akaitoa ya zamani na kuiweka hiyo. Maikrokodi ilisahihishwa ofisini kwa mteja, bila mashine kurudi kiwandani.

Familia iliyofuata, System/370, ilitangazwa mwaka 1970. Model 145 ilihifadhi maikrokodi yake katika kumbukumbu ya semikondakta inayoandikika, na kumbukumbu hiyo husahau kila kitu umeme unapokatika. Kwa hiyo palihitajika kifaa cha bei nafuu cha kuipakia upya kila mashine inapowashwa, na cha kufikisha matoleo mapya kwa wateja. Maabara ya IBM ya San Jose, chini ya uongozi wa Alan Shugart na kwa kazi ya David Noble na wenzake, ilikuja na diski laini ya plastiki yenye upana wa inchi 8. Ilibeba kilobaiti 80, na mashine iliweza kuisoma tu bila kuiandika. Ilianza kuuzwa mwaka 1971. Flopi zilizokuja kubeba barua za maofisi na tasnifu za wanafunzi duniani kote zilianzia hapo. Sababu ya kwanza ya flopi kuwepo ilikuwa kusafirisha maikrokodi.

1977–1987: Udhibiti unafungiwa ndani ya chipu

Kompyuta ya VAX-11/780 ya kampuni ya DEC, iliyotoka mwaka 1977, ilikuwa na amri nyingi na nzito, na maikrokodi yake ilikuwa ndefu kwa kadiri hiyo. Kompyuta ndogo iliyokaa pembeni yake ilisoma flopi na kupakia viraka vya maikrokodi wakati wa kuwasha. Viraka vilihitajika. Mwaka 1979 David Patterson, mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, alikaa DEC kwa miezi mitatu kusaidia kupunguza makosa ya maikrokodi hiyo. Aliporudi aliandika makala: ikiwa prosesa za chipu moja zitajengwa kwa kufuata mtindo wa VAX, basi nazo zitahitaji njia ya kurekebisha maikrokodi zikiwa tayari kwa wateja. Jarida liliikataa. Wahakiki waliona ni upuuzi kusanifu chipu ngumu kiasi kwamba itahitaji viraka.

Patterson aliufuata ukosoaji huo hadi mwisho wake. Kama viraka ni upuuzi, basi amri zenyewe ziwe rahisi, zitekelezwe na saketi moja kwa moja, na maikrokodi iondoke. Hilo ni moja ya mizizi ya RISC, mtindo ambao prosesa za simu zetu zimeurithi.

Nao wahakiki walikosea. Soko la kompyuta binafsi lilikwenda na Intel, na Intel ilibaki na maikrokodi. Chipu ya 8086 ya mwaka 1978 ilikuwa na maneno 512 ya maikrokodi, kila moja la biti 21, yote yakiwa yamechorwa kwenye silikoni yenyewe. Hapakuwa na kadi ya kubadilisha wala flopi ya kupakia. Udhibiti ulioandikwa ulikuwa umerudi kuwa kitu kigumu kama nyaya za EDSAC. Mwaka 1987 Intel iligundua kwamba baadhi ya prosesa zake za 386 zilikosea kuzidisha namba za biti 32. Dawa pekee ilikuwa mhuri. Zilizofaulu jaribio zilipigwa alama mbili za herufi sigma, na zilizofeli ziliuzwa zikiwa na onyo mgongoni kwamba zinafaa kwa programu za biti 16 tu.

1994: Jedwali lenye mapengo

Thomas Nicely alikuwa profesa wa hisabati katika Chuo cha Lynchburg, Virginia. Alikuwa akichunguza namba tasa pacha, kama 11 na 13, au 17 na 19, kwa kujumlisha matokeo ya 1 kugawanywa kwa kila moja ya namba hizo. Kazi hiyo huitaka kompyuta igawanye mara mabilioni bila kukosea. Mwezi Juni 1994 hesabu zake zilikataa kuafikiana. Alikagua programu yake, akakagua kompaila, akakagua ubao mama wa kompyuta. Ilimchukua hadi Oktoba kubaki na mtuhumiwa mmoja tu: prosesa mpya ya Pentium. Tarehe 30 Oktoba aliwaandikia barua pepe watu kadhaa akiwaomba wajaribu kwenye mashine zao.

Ukigawanya 4195835 kwa 3145727, jibu ni takriban 1.33382. Pentium ilitoa 1.33374. Kosa lilianzia kwenye jedwali la ndani ambalo prosesa hulitumia kukisia tarakimu inayofuata ya jibu. Jedwali lilipaswa kuwa na thamani 1,066 zilizojazwa. Kwa maelezo ya Intel, hati ya programu iliyozihamishia kwenye saketi iliziruka tano, na mahali hapo pakabaki sifuri.

Intel ilijibu kwamba mtumiaji wa kawaida wa lahajedwali angekutana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000. Wanasayansi na wahasibu hawakutaka kubahatisha. Katikati ya Desemba IBM ilisimamisha kuuza kompyuta zake zenye chipu hiyo, na tarehe 20 Desemba Intel, chini ya mkurugenzi wake mkuu Andy Grove, ilikubali kumbadilishia kila aliyetaka. Januari 1995 ilitangaza gharama: dola milioni 475. Kosa la thamani tano katika jedwali lilikuwa limechorwa kwenye mamilioni ya vipande vya silikoni, na hapakuwa na njia nyingine ya kulitoa isipokuwa kuvitoa vipande vyenyewe.

1995: Njia ya kuingilia

Tarehe 1 Novemba 1995 Intel ilizindua Pentium Pro, na ndani yake kulikuwa na kitu ambacho prosesa zake za awali hazikuwa nacho: uwezo wa kupokea sasisho la maikrokodi. Ni rahisi kusimulia kwamba uwezo huo ni mtoto wa sakata la Nicely. Mimi siamini hivyo moja kwa moja. Usanifu wa Pentium Pro ulikuwa umeanza miaka kadhaa kabla, chini ya timu ya Bob Colwell, na wahandisi wa chipu yenye mamilioni ya transista hawakuhitaji aibu ya hadharani ili kujua kwamba watakosea. Lililobadilika baada ya 1994 ni kwamba sasa kosa la prosesa lilikuwa na bei inayojulikana, na bei hiyo iliwafikia hata wakurugenzi wa fedha.

Ufundi wenyewe unastahili kuelezwa polepole. Prosesa ya kisasa hupokea amri za programu na kuzivunja kuwa amri ndogo. Amri nyepesi, kama kujumlisha, huvunjwa papo hapo na saketi maalumu bila kugusa maikrokodi. Amri nzito hupelekwa kwenye kumbukumbu ya kudumu yenye maikrokodi, na kutoka hapo amri ndogo husomwa kwa mfululizo. Kumbukumbu hiyo imechorwa kwenye silikoni na haibadiliki kamwe. Pembeni yake wasanifu waliweka vitu viwili: eneo dogo la kumbukumbu inayoandikika, na rejista chache za kulinganisha. Kila rejista hutajiwa anwani moja ya maikrokodi ya kudumu. Usomaji ukifika kwenye anwani hiyo, prosesa huacha maandishi ya zamani na kuendelea na yaliyo katika eneo jipya. Ni sawa na kitabu kilichokwisha kuchapwa na kusambazwa, kikiwa na kijikaratasi cha masahihisho ndani: ukurasa wenye kosa unabaki palepale, ila msomaji anaambiwa akiufikia asome hiki badala yake.

Mambo matatu yanafuata kutokana na mpango huo. La kwanza, eneo linaloandikika husahau umeme unapokatika, kama Model 145 ya 1970. Kwa hiyo hakuna prosesa iliyowahi kusasishwa kwa kudumu. Kila inapowashwa huamka na maandishi yake ya kiwandani, na BIOS, programu ya kuwashia iliyomo kwenye ubao mama, huipakia sasisho kabla ya kitu kingine chochote. Baadaye kidogo mfumo endeshi, uwe Linux au Windows, nao huweza kupakia toleo jipya zaidi kama unalo. La pili, nafasi ni finyu. Sasisho la Pentium Pro lilikuwa na baiti 2,048, ambapo 48 ni za utambulisho na 2,000 ni za maudhui. La tatu, maudhui hayo yamesimbwa, na prosesa huyakagua kabla ya kuyakubali. Mwenye kompyuta anaweza kulipakia sasisho, lakini hawezi kulisoma.

Sasisho lina uwezo mwingine usiotajwa sana. Linaweza kubadili swichi za ndani ambazo wasanifu waliziacha kwa tahadhari, kila moja ikizima kifaa fulani ndani ya prosesa. Makosa mengi ya prosesa hayaponywi kwa kuandika maikrokodi bora. Huponywa kwa kuizima sehemu yenye kosa, na mtumiaji hulipa kwa kasi.

Umuhimu wa njia hiyo ulionekana Novemba 1997. Iligunduliwa kwamba programu yoyote, hata isiyo na mamlaka yoyote, ingeweza kuigandisha Pentium ya kawaida kwa amri moja batili inayoanza na baiti F0 0F. Pentium haikuwa na uwezo wa kupokea sasisho. Waandishi wa mifumo endeshi ndio waliolazimika kutafuta hila, wakipanga upya majedwali ya kumbukumbu ili prosesa isifike kwenye mtego.

2014–2017: Kile kinachozimwa

Kwa miaka mingi masasisho yalipita kimya. Agosti 2014 ukimya huo ulivunjika kidogo. Intel ilikuwa imeuza prosesa za Haswell zikiwa na TSX, teknolojia ya kuziwezesha programu kubadili data kwa pamoja bila kufungiana milango. Kosa liligunduliwa ndani yake, na sasisho la maikrokodi likaizima. Waliokuwa wamenunua chipu hizo kwa ajili ya TSX walibaki na chipu zisizo na TSX.

Kisa ninachokipenda zaidi katika historia hii ni cha lugha ya OCaml. Mwaka 2016 Xavier Leroy, mmoja wa waasisi wa lugha hiyo huko Ufaransa, alipokea malalamiko kwamba programu ya mteja huanguka bila mpangilio. Ilianguka tu kwenye mashine zenye prosesa za Skylake. Leroy alishauri izimwe Hyper-Threading, teknolojia inayoufanya moyo mmoja wa prosesa uendeshe kazi mbili kwa pamoja, na programu ikatulia. Alishuku prosesa, lakini ushahidi hakuwa nao. Mhandisi anayesema "prosesa ndiyo yenye kosa" kwa kawaida huchekwa, na mara nyingi kwa haki.

Mapema 2017 watumiaji wengine wa OCaml walikutana na balaa hilohilo, wakalifuatilia hadi kwenye kitanzi kifupi ndani ya sehemu ya OCaml inayosafisha kumbukumbu. Kompaila ya C, ikiombwa iboreshe kasi, ilitumia pale rejista ndogo ya AH pamoja na rejista pana inayoibeba. Ikiwa kazi zote mbili za moyo huo zimeamka, mara mojamoja matokeo yalipotoka. Intel ilikuwa tayari imeliandika kosa hilo kwa sentensi kavu katika orodha yake ya kasoro, bila mtu kuliunganisha na OCaml. Juni 2017 watunzaji wa Debian walitoa onyo la hadhara wakiwataka watumiaji wasasishe maikrokodi au wazime Hyper-Threading. Tiba ilikuwa ya aina ile niliyoitaja: sasisho lilizima hifadhi ndogo ambayo Skylake iliitumia kurudia vitanzi vifupi.

2018: Januari ndefu

Hadi hapo masasisho yalitibu makosa, yaani mahali ambapo prosesa ilitoa jibu lisilo sahihi. Tarehe 3 Januari 2018 dunia iliambiwa kuhusu Meltdown na Spectre, na hapo prosesa hazikuwa zinatoa jibu lisilo sahihi hata kidogo. Zilikuwa zikifanya kile zilichosanifiwa kufanya. Ili zisikae bila kazi, prosesa za kisasa hubashiri njia ambayo programu itafuata na kuanza kuitekeleza mapema. Zikikosea hufuta matokeo. Jann Horn wa Google, na watafiti wengine akiwemo Paul Kocher na kundi la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz nchini Austria, walionyesha kwamba kazi iliyofutwa huacha alama katika kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, na alama hizo zinaweza kusomeka kama siri. Horn alikuwa amezitaarifu kampuni za chipu tangu Juni 2017.

Meltdown ilizibwa zaidi na mifumo endeshi. Aina ya pili ya Spectre ilihitaji maikrokodi, kwa sababu kibashiri kilichofunzwa na programu moja kiliathiri programu nyingine, na hapakuwa na amri yoyote ya kukisahaulisha. Sasisho likaiumba njia hiyo. Prosesa zilizotoka kiwandani miaka mingi kabla zilipata vidhibiti vipya ambavyo mfumo endeshi ungeweza kuvitumia kufuta ubashiri au kuuwekea mipaka. Wilkes aliliwazia jambo la namna hii, kwamba amri za mashine ziwe rahisi kubadilisha. Nadhani hakuliwazia likifanyika kwa mamilioni ya mashine ndani ya wiki chache.

Wiki chache hazikutosha. Kompyuta zenye prosesa za Haswell na Broadwell zilianza kujizima na kujiwasha zenyewe. Tarehe 22 Januari Intel iliwaomba wasambazaji wasitishe sasisho lake, na siku tano baadaye Microsoft ilitoa sasisho la dharura la kuzima kinga iliyokuwa imeiwasha. Matoleo yaliyokomaa yalikuja katika miezi iliyofuata. Aprili Intel ilitangaza kwamba baadhi ya familia za zamani, kama Penryn, Yorkfield na Bloomfield, hazitapata sasisho kabisa. Sababu ilizotoa ni pamoja na maumbile ya chipu zenyewe na uchache wa wasambazaji walio tayari kulifikisha. Uamuzi huo ulitugusa Afrika Mashariki, ambako wengi hununua kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, na muuzaji wa duka huulizwa kuhusu RAM na diski lakini si kuhusu toleo la BIOS.

Mlango uliofunguliwa mwaka huo haujafungwa. Mei 2019 yalitangazwa mashambulizi dhidi ya akiba ndogo za ndani ya prosesa za Intel, na maikrokodi ikaipa amri ya kale iitwayo VERW, iliyokuwa karibu kusahaulika, kazi mpya ya kusafisha akiba hizo. Agosti 2023 kasoro ya Downfall, aliyoigundua Daniel Moghimi, ilizibwa kwa sasisho ambalo Intel yenyewe ilikiri lingeweza kupunguza kasi ya baadhi ya kazi kwa hadi asilimia 50.

2024: Chipu zilizoungua polepole

Wamiliki wa prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, hasa zile za bei ya juu, walikuwa wakilalamika kwamba michezo ya kompyuta inaanguka na mafaili yaliyobanwa hayafunguki. Julai 2024 Intel ilieleza: maikrokodi ilikuwa ikiomba volteji kubwa kuliko inayohitajika, na volteji hiyo iliizeesha saketi ndani ya chipu kabla ya wakati wake. Agosti ilitoa sasisho namba 0x129, kisha Septemba 0x12B.

Masasisho hayo yalimsaidia ambaye chipu yake ilikuwa bado nzima. Iliyokwisha kudhurika haikuponyeka kwa maandishi yoyote, na Intel iliongeza dhamana kwa miaka miwili ili wenye nazo wabadilishiwe. Tangu kadi za Model 30, maikrokodi iliyokosewa ilimaanisha hesabu iliyokosewa au mashine iliyoganda. Safari hii yaliyokosewa katika maandishi yaliharibu maunzi.

2017–2025: Nani ana kalamu

Usimbaji wa masasisho uliwaudhi watafiti kwa muda mrefu. Mwaka 2017 kundi la Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, nchini Ujerumani, lilichapisha matokeo ya kuichambua maikrokodi ya prosesa za zamani za AMD, za familia za K8 na K10, ambazo masasisho yake hayakuwa na ulinzi thabiti. Waliweza kuandika viraka vyao wenyewe. Mwaka 2020 Warusi watatu, Mark Ermolov, Maxim Goryachy na Dmitry Sklyarov, waliupata ufunguo unaofumbua masasisho ya prosesa za Intel za Goldmont. Kwa mara ya kwanza watu wa nje waliweza kusoma kile ambacho kampuni hiyo ilikuwa ikikibadilisha. Kusoma tu, kwa kuwa saini ya Intel iliendelea kuwazuia kuandika.

Tarehe 3 Februari 2025 watafiti wa usalama wa Google walitangaza kwamba saini ya AMD haikuzuia. Prosesa za Zen, kuanzia kizazi cha kwanza hadi cha nne, zilikagua uhalali wa sasisho kwa kanuni isiyofaa kazi hiyo, tena kwa ufunguo ambao umo katika mfano wa waraka wa viwango wa serikali ya Marekani, ambao mtu yeyote anaweza kuusoma. Ili kuthibitisha, watafiti walitoa sasisho lililoifanya amri ya RDRAND, inayopaswa kutoa namba za nasibu kwa ajili ya usiri, itoe namba 4 kila inapoitwa.

Mshambuliaji angehitaji kwanza kuwa na mamlaka ya juu kabisa katika mfumo endeshi. Kwa kompyuta ya nyumbani hilo hupunguza hofu, maana aliyefika hapo ameshakuwa na kila kitu. Kwa mteja aliyekodi seva na kuahidiwa kwamba hata mwenye seva hawezi kuona data yake, ahadi hiyo ilisimama juu ya ukaguzi uliovunjika.

AMD ilirekebisha kwa sasisho la maikrokodi linalobadilisha utaratibu uleule wa kukagua masasisho ya maikrokodi. Ilibidi lipakiwe na prosesa ndogo ya usalama iliyomo ndani ya chipu, kabla mioyo ya kawaida haijapata nafasi ya kupokea kiraka bandia. Na kwa kuwa chipu husahau kila umeme unapokatika, mpangilio huo hauna budi kurudiwa kila asubuhi mashine inapowashwa, kutoka kwenye BIOS ambayo mwenye mashine awe amekumbuka kuisasisha.